Sekunde Inayohesabiwa Mara Mbili: Mifumo Endeshi na Sekunde ya Nyongeza

Waheshimiwa wakufunzi, ndugu mafundi na wanafunzi mliokusanyika hapa Mtwara, nawashukuru kwa kunikaribisha. Nitazungumzia jambo moja tu, nalo ni namna mfumo endeshi wa kompyuta unavyoipokea sekunde ya nyongeza na kwa nini programu zilizoandikwa na watu makini huvurugika inapoingia.

Dunia haizunguki kwenye mhimili wake kwa mwendo usiobadilika, ilhali saa za atomi hazina habari na mwendo huo. Kuanzia mwaka 1972, saa ya kimataifa, yaani UTC, imehesabiwa kwa sekunde za atomi kwa sharti kwamba isiachane na mzunguko wa dunia kwa zaidi ya sekunde 0.9. Pengo linapokaribia kiwango hicho, taasisi ya IERS, inayofuatilia mzunguko wa dunia, hutangaza kupitia kituo chake cha Paris miezi kadhaa kabla kwamba sekunde moja itaongezwa, kwa kawaida mwishoni mwa Juni au Desemba. Zimeongezwa 27, na ya mwisho iliingia tarehe 31 Desemba 2016. Kwa kuwa sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, kwetu sekunde hiyo hudondokea karibu na saa tisa usiku wa kuamkia Januari mosi au Julai mosi. Wahasibu mliomo humu mnajua Julai mosi ni siku gani: mwaka wa fedha wa serikali unafunguliwa, na mashine zinafunga hesabu usiku huo huo.

Shida inaanzia kwenye POSIX, kanuni ya pamoja ya mifumo endeshi ambayo Linux na ndugu zake huifuata. Kanuni hiyo huhesabu muda kuanzia Januari mosi 1970 na kuichukulia kila siku kuwa na sekunde 86,400 kamili, kwa hiyo siku yenye sekunde 86,401 haina mahali pa kuandikwa. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, ikiisha kuarifiwa na NTP, itifaki ya kulinganisha saa za kompyuta kupitia mtandao, kwamba sekunde inakuja, hurudisha saa nyuma kwa sekunde moja, na sekunde ya mwisho ya siku ya UTC huhesabiwa mara mbili.

Tuangalie kwa karibu maana yake. Tuseme mfumo unalipa fedha za korosho usiku huo. Malipo ya mkulima wa Newala yanaingia na kupewa muhuri wa 02:59:59.7. Nusu sekunde baadaye mfumo unakata deni lake la pembejeo. Lakini saa imekwisha kurudi nyuma, na makato yanapewa muhuri wa 02:59:59.2. Anayepanga rekodi hizo kwa muda ataona makato yametangulia malipo, kwenye akaunti isiyo na kitu. Fedha haikupotea, ila kumbukumbu imesema uongo, na kwa maoni yangu hilo ni kosa zito kuliko mashine kuzimika, kwa sababu mashine iliyozimika huonekana.

Mwaka 2012 kosa lilionekana waziwazi. Kerneli ilibadilisha saa ya kawaida bila kuiarifu sehemu yake inayosimamia vipima muda, na vipima muda hivyo vikabaki sekunde moja mbele. Programu iliyoomba kulala chini ya sekunde moja iliamshwa papo hapo, ikaomba tena, ikaamshwa tena, mpaka prosesa ikaelemewa. Seva za Java na MySQL ziliathirika sana, na tovuti ya Reddit ilisimama. Mafundi waligundua kwamba kutumia amri ya date kuiweka saa kwenye muda ule ule iliokuwa nao kulitosha kuituliza mashine. Januari mosi 2017 ikawa zamu ya Cloudflare, kampuni ya huduma za mtandao: programu yake ya DNS, yaani ya kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani za mtandao, iliyoandikwa kwa lugha ya Go, ilipima muda wa safari ya ujumbe, ikapata jibu lililo chini ya sifuri, ikaanguka.

Makosa kama hilo la Cloudflare hutokea kwa sababu programu inaiuliza saa moja maswali mawili tofauti: sasa ni saa ngapi, na umepita muda gani. Linux ina CLOCK_REALTIME kwa swali la kwanza na CLOCK_MONOTONIC, isiyorudi nyuma kamwe, kwa swali la pili. Nawasihi wanafunzi: kila mnapotoa wakati mmoja kwenye mwingine ili kupata muda uliopita, tumieni hiyo ya pili.

Google walichagua njia nyingine, ya kuitandaza sekunde hiyo katika saa 24, hivi kwamba kila sekunde inarefuka kwa takriban mikrosekunde 11.6 na saa hairudi nyuma kabisa. Njia hiyo ni nzuri mradi seva zenu zote ziifuate. Mkichanganya chanzo kinachotandaza na kisichotandaza, mashine zenu zitatofautiana hadi nusu sekunde.

Mwaka 2022 mkutano mkuu wa vipimo wa kimataifa uliamua kwamba kikomo cha pengo kati ya UTC na mzunguko wa dunia kipanuliwe ifikapo 2035. Kabla ya hapo sekunde inaweza hata kuondolewa, kwa kuwa miaka ya karibuni dunia imeongeza kasi. Uondoaji haujawahi kutokea: 23:59:58 ingefuatwa moja kwa moja na 00:00:00. Kerneli ina msimbo wa kushughulikia hali hiyo, na bendera yake, yaani alama ya kuiagiza, STA_DEL, mnaweza kuiwasha kwenye mashine ya majaribio, mkiitenga kwanza na NTP.