Weka na ya kutolea: tozo, wachumi na pesa ya nyumbani

Zuhura: Haya karibuni tena jamani, mi Zuhura niko na kaka Baraka. Leo ni pesa ya kutuma nyumbani, maana wiki nzima nasoma wachumi waliochunguza pesa za simu na kila nikifungua ukurasa namwona mama yangu.

Baraka: Mama kaingiaje humo da Zuhura?

Zuhura: We sikiliza. Kuna Tavneet Suri, mzaliwa wa Kenya anafundisha chuo cha MIT kule Marekani, na mwenzake William Jack wa chuo cha Georgetown, hukohuko. Walianza kufuatilia kaya za Kenya 2008, M-Pesa ina mwaka na kitu tu, wakawa wanarudi kwa watu walewale wanauliza mmetumia shingapi, nani kaugua, nani kapoteza kazi. Wakakuta nyumba isiyo na M-Pesa ikipata pigo la ghafla matumizi yanashuka kama asilimia 7. Yenye M-Pesa, hayashuki.

Baraka: Si wametumiwa.

Zuhura: Wametumiwa, tena na watu wengi zaidi, wa mbali. Yaani mjomba, dada, yule binamu wa Mwanza, wote wamegeuka bima. Halafu 2016 wakatoa utafiti mwingine, kwamba M-Pesa imetoa kaya kama 194,000 kwenye umaskini, asilimia 2 ya kaya zote za Kenya, na wanawake kama 185,000 wameacha kutegemea kilimo wakaingia biashara.

Baraka: Sasa hapo ndo nakumbuka Julai 2021 kwetu Tanzania.

Zuhura: Tarehe 15! Tozo ya miamala, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala kutegemea kiasi, ukituma unakatwa na ukitoa unakatwa, juu ya makato ya kampuni yaliyokuwepo. Wiki ile nilikaa kwa wakala wetu, dada mmoja ana mwavuli na kameza, daftari lake kalifunga kwa mpira. Akaja baba mmoja anataka kutuma, akauliza makato, akatajiwa, akanyamaza, akazikunja noti zake akarudisha mfukoni akaondoka zake. Yule dada akanionyesha daftari, ukurasa wa wiki iliyopita umejaa, wa siku ile una mistari minne.

Baraka: Watu walirudi kwenye bahasha kwa kondakta wa basi, mi mwenyewe nimetuma hivo. Unaandika jina na namba ya simu juu, unamwomba Mungu. Ila dada, serikali nayo ilisema ni ya madarasa, vituo vya afya na barabara za vijijini, na nchi yetu wengi hawana payslip, utawakata kodi wapi? Mi hoja hiyo naiheshimu, darasa lazima lijengwe.

Zuhura: Lijengwe, sipingi hata kidogo. Ninachosema ni kwamba kodi nzuri inamfuata mtu akiwa amepata, hii inamkuta akiwa anaokoa mtu. Mama akipiga simu saa 4 usiku mdogo wako ana homa, hapo hamna faida yoyote imetengenezwa, kuna elfu 20 inakimbia kwenda dukani kununua dawa. Na kwa kiswahili chetu tunaambizana "weka na ya kutolea", maana yake anayetuma anabeba makato ya pande zote mbili, na mara nyingi ni yuleyule mmoja mwenye kakibarua mjini.

Baraka: Na walisikia lakini, tuseme ukweli. Septemba wakapunguza asilimia 30, 2022 kiwango cha juu kikashuka mpaka 4,000, na Julai 2023 ya kutuma ikafutwa ikabaki ya kutoa. Uganda hivohivo, 2018 walianza na asilimia 1 kwa kuweka, kutuma na kutoa, mwaka haujaisha wakarudi nusu asilimia kwa kutoa tu.

Zuhura: Sasa mjini ya kutoa unaikwepa, unalipa kwa lipa namba, yaani unamlipa muuza duka moja kwa moja kwa simu. Kijijini kwa mama mwenye genge anataka noti, kwa iyo nani anatoa? Ni yeye. Mi ningesema miamala midogo yote isiguswe na tozo, hata senti.

Baraka: Mwenye milioni si atazikatakata vipande vidogovidogo?

Zuhura: Weka kikomo kwa siku kwa mtu, mfumo unahesabu wenyewe. Ghana walianza e-levy, tozo yao ya miamala, Mei 2022 kwa asilimia 1.5 na cedi 100 za kwanza kwa siku hazikukatwa.

Baraka: Na bado wakaifuta 2025.

Zuhura: Wakaifuta, ila ile cedi 100 ndo ningeichukua. Kwetu iwekwe kwenye kutoa, pale pale kwa wakala, na kwanza kabisa kwa namba za vijijini ambako genge halina lipa namba.