Jani na Jino

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Nilipoombwa nilinganishe nyasi na panya, nilidhani nataniwa.

Viumbe wenyewe ni wa Ulaya ya kaskazini. Kuna nyasi ya porini, Deschampsia cespitosa, inayoota kwa mashungi penye unyevunyevu. Na kuna panya wa nyasini, Microtus agrestis, mwenye mkia mfupi na uzito wa gramu 30 hivi, ambaye huila. Mtasema mla na mliwa wana lipi la kulinganishwa? Mimi naona wanafanana kwa jambo moja: wote huota kutoka chini.

Jani la nyasi hukulia kwenye kitako chake, karibu na ardhi. Panya akila ncha, kitako kinaendelea kusukuma. Sasa mfungueni panya kinywa. Meno yake ya mbele hukua maisha yake yote, na magego yake nayo hayana mizizi: yanapanda kutoka ndani ya taya huku juu yakilika. Sisi wenzangu tulipewa seti mbili tu, basi.

Magego yanalika na nini? Pitisha kidole ukingoni mwa jani hilo, kutoka nchani kwenda chini. Linakwaruza kama msumeno. Ni silika, madini yale yale ya mchanga; mizizi huyanyonya yakiwa yameyeyuka majini, jani likayagandisha.

Tena nyasi haijihami ovyo. Ikiguguniwa kidogo, hutulia. Ikiandamwa, huongeza silika. Zipo nyasi za jamii yake ambazo katika majaribio ziliongeza zaidi zilipotafunwa na panya kuliko zilipokatwa kwa mkasi! Na panya akilishwa majani ya silika nyingi hukua polepole, maana sehemu kubwa ya protini humpita tumboni bila kumfaa.

Katika msitu wa Kielder, kaskazini mwa Uingereza, panya hawa huongezeka na kupungua kwa mizunguko ya miaka 3 hadi 4. Wapo wataalamu wanaoihusisha silika: inachelewa kupanda, na ikishapanda inachelewa kushuka, hivyo panya waliosalia wanakuta jani bado gumu. Mimi siitwishi nyasi mzigo wote, maana vicheche na bundi nao wanakula.

Nimekuja na jani moja kavu. Lizungusheni, ila mlipapase kutoka chini kwenda nchani.