Madini hayafi kwa moto

Wamama wa bustani, wapapa, na ninyi vijana wa chuo mliosimama nyuma, karibuni. Faida za kulima kando ya mto sitazieleza sana, maana mnazila kila siku. Mvua ikikatika, ardhi ya juu inakauka miezi mingi, lakini kando ya mito ya mji wetu huu wa Lubumbashi, yaani Kafubu, Naviundu na mto Lubumbashi wenyewe, jembe bado linaingia na maji yako karibu na tuta. Bila mabonde hayo, mwezi wa nane lengalenga, yaani mchicha, ingekuwa chakula cha matajiri. Kwa hiyo mtu asiseme nimekuja kuwafukuza.

Nimekuja kwa jambo ambalo wengi hapa mmeshanisikia nikilisema: madini hayafi kwa moto. Yaani madini yenye sumu yaliyoingia kwenye mboga hayaondoki kwa kupikwa.

Katika soko la komini ya Kenya, hapa hapa mjini, nilimuuliza mama mmoja mboga zake zimetoka wapi. "Kafubu, papa. Usiogope, chemsha tu vizuri." Akanigeuzia fungu nione lilivyo bichi. Majani mapana, mashina manene, na kwenye mizizi tope jeusi lililoganda, lile lile tunalolisifu kwamba lina rutuba. Mama yule hakudanganya. Amefundishwa, kama sisi sote, kwamba hatari ya maji machafu ni vijidudu, na kijidudu kweli kinakufa sufuriani. Lakini kadimiamu, moja ya madini hayo ya sumu, si kijidudu. Risasi, madini ya sumu pia, si kijidudu. Tia chumvi kwenye maji, chemsha mpaka jioni: maji yatapungua, chumvi itabaki. Na madini ni hivyo hivyo, ila hayana ladha ya kukuonya.

Mtasema: tutaosha. Osheni, tena kwa maji safi, kwa sababu vumbi linalokaa juu ya jani linaondoka, na vumbi la mji huu si la kudharau. Lakini kile ambacho mzizi umekinyonya kiko ndani ya jani, hakioshwi. Na mboga za majani ndizo zinazonyonya kadimiamu kwa wingi kuliko punje ya mahindi. Ikiingia mwilini inajilimbikiza kwenye figo na kukaa miaka kumi na zaidi. Risasi inaharibu akili ya mtoto, naye mtoto ndiye tunayemlazimisha amalize mboga!

Mzee mmoja huwa ananijibu: babu zetu walilima hapa hapa. Mzee wangu, shaba ilianza kuyeyushwa hapa Lubumbashi mwaka 1911. Moshi wa miaka mingi umeshuka juu ya udongo huu, na mvua imeukokota mpaka mtoni pamoja na maji ya machimbo na viwanda. Mto ukifurika unaleta tope, tope linabeba rutuba na madini kwa pamoja, nasi tunalipokea lote kwa furaha. Wala usiniambie maji ni meupe. Madini yaliyoyeyuka hayaonekani, na maji yenye asidi yanaweza kung'aa kuliko ya kisima chako.

Sasa tufanye nini? Chokaa. Udongo wenye asidi unaachilia kadimiamu iingie kwenye mzizi. Chokaa inapunguza asidi hiyo na kuifunga kadimiamu ardhini. Haiitoi, inaifunga tu, kwa hiyo ni kazi ya kurudia. Samadi iliyooza vizuri inasaidia pia. Na pale ambapo tope la mto linafika kila mvua, pandeni mahindi, lengalenga ipandeni juu zaidi, mumwagilie kwa maji ya kisima kilichopimwa.

Naona naonyeshwa saa, kwa hiyo mawili ya haraka. Kichocho: msiingie majini miguu mitupu. Matete ya ukingoni msiyafyeke yote kwa tamaa ya tuta moja zaidi, ndiyo yanayoshika ukingo. Ukibomoka, tuta lako ndilo la kwanza kuondoka. 

Ila hili siliachi. Chuo Kikuu chetu kimechunguza udongo na mboga za mji huu, na majibu yamekaa kwenye vitabu vya Kifaransa. Nadai udongo wa kila bonde upimwe, na majibu yaandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa sokoni, pale mama anapopanga mafungu yake. Wanafunzi wa kilimo mko hapa. Mtakaokubali kuanza na Kafubu, mje mbele mniandikie majina yenu kabla hamjatoka.