Herufi ya nane

Asalaam aleikum, mabibi na mabwana. Tuanzie nyumbani. Mvita, yaani Mswahili wa Mombasa, akitaja paa la nyumba, kisha akataja p'aa wa porini, sikio lake halimdanganyi: huyu wa pili hutoka na pumzi. Weka kiganja mbele ya midomo, utaihisi. Vivyo hivyo kaa la moto na k'aa wa baharini. Vitabuni lakini ni paa na paa, kaa na kaa. Sikio linajua, maandishi hayajui.

Kiingereza kina maneno yaliyopinduka kinyume cha hayo, maandishi yanajua na sikio halijui. Leo nina jozi moja tu: stationary na stationery. Akiyatamka Mwingereza, huyatofautishi hata utege masikio yote mawili. Kila neno lina herufi 10. Saba za mwanzo ni zilezile, mbili za mwisho ni zilezile, na ugomvi wote uko kwenye ya nane: a au e. Irabu hiyo haina mkazo, basi wenyewe huimeza. Sisi tuliozoea irabu 5 zinazosomeka kama zilivyoandikwa tunangoja sikio lituokoe, nalo halituokoi.

Lenye a ni kivumishi: kilichosimama, kisichosogea. Lenye e ni nomino: shajala, yaani karatasi, bahasha, kalamu na wenzao.

Chukua mtu aliye kwenye foleni ya feri pale Likoni. Kazima injini, tuktuk ikamgonga kwa nyuma. Anajaza fomu ya bima: "My vehicle was stationery." Kwa maandishi yake, gari lilikuwa bahasha na rimu za karatasi. Msomaji ataelewa, ila atacheka kwanza. Na duka lililoandikwa "Bookshop and Stationary" limejitangaza kuwa limesimama tu, haliendi. Kwa mfanyabiashara, hiyo ni dua mbaya.

Asili ndiyo dawa. Maneno haya ni ndugu, shina lao ni la Kilatini, la kusimama, na hilo stesheni letu ni la ukoo huohuo. Zamani katika vyuo vikuu vya Ulaya, wafanyabiashara wengi walikuwa wachuuzi wa kutembeza. Mwenye kibanda cha kudumu, akiuza vitabu, aliitwa stationarius: aliyetulia mahali pake. Kwa Kiingereza akawa stationer. Chama chao cha London kilianza 1403, kikapata hati ya kifalme 1557. Bidhaa za stationer ndizo stationery, na ile e imerithiwa kutoka kwake.

Basi, kabla ya kuandika, mtafute mtu ndani ya neno. Baker yumo ndani ya bakery, grocer yumo ndani ya grocery, stationer yumo ndani ya stationery. Ukimpata mwenye duka, andika e. Kama hayumo na unazungumzia kitu kisichosogea, andika a. Msitegemee mwisho wa neno peke yake, kwani library na dictionary ni nomino na zina a. Na jihadharini na Kiswahili chenyewe hapa: tunasema bekari na grosari, na hiyo -ari ndiyo inayovuta mkono kuandika a.

Kosa jingine ni stationeries. Kwa kawaida neno hili halina wingi, kama sukari: unahesabu kilo, huhesabu sukari. Kwenye ankara hesabu rimu, ambayo ni karatasi 500, au hesabu bahasha. Hilo rimu, kwa wanaopenda asili, lilitoka kwa Waarabu, rizma, likazunguka Ulaya ndipo likarudi kwetu limevaa suti.

Kompyuta haitawasaidia sana. Maneno yote mawili ni sahihi, kwa hiyo mara nyingi mstari mwekundu hautokei. Fungua sehemu ya kutafuta, andika herufi 8 za mwanzo ukiishia na a, kisha soma sentensi ya kila linalojitokeza. Rudia na e. Barua ya kurasa mbili haimalizi dakika tano.

Palipo pagumu ni jina la biashara. Kama lilisajiliwa na a, usikimbilie kubadilisha bango peke yake. Cheti, muhuri, ankara na akaunti ya benki vitabaki na a, na hundi iliyoandikwa kwa jina lisilolingana na akaunti inaweza kurudishwa. Anza na usajili, nenda benki, kisha chonga muhuri mpya. Bango liwe la mwisho, tena ni herufi moja ya kupaka.

Kwa duka jipya, mpe mwandika mabango neno kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, na utie sahihi chini. Ukimtajia kwa mdomo, ataandika alichosikia, na hapo hamna atakayejua nani kakosea.