Mpangaji wa Chini ya Makumbi

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, vijana, asanteni kwa kuja. Najua wengine mmetoka shamba na hamjapitia hata nyumbani.

Naona mnautazama mfuko huu. Tulieni, hamna nyoka ndani. Kilichomo nitakitoa tukimaliza.

Kwangu, nje kidogo ya Tanga mjini, nyuma ya jiko kuna rundo la makumbi ya nazi. Huu ni mwaka wa nne nyoka anaishi chini yake. Usiku wa kwanza nilipomwona nilikuwa nimetoka na tochi kwenda kufunga bomba. Nikamkuta kando ya tuta la mchicha, amemzunguka panya pindi juu ya pindi. Alimbana mpaka panya akatulia, kisha akaanza kummeza, akianzia kichwani. Nimefundisha baiolojia miaka mingi na nilimtambua palepale, lakini miguu ilinitetemeka vilevile.

Asubuhi nikamsimulia jirani. Haikufika saa nne, vijana watatu walishaingia uani na mapanga, na nyuma yao mama mmoja na chupa ya mafuta ya taa. Wakaniambia, mwalimu, huyo katumwa.

Nawaelewa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sidhani kama humu ndani kuna ukoo usio na mtu wake aliyeumwa. Kwetu alikuwa mjomba wangu. Kifutu alimuuma akipalilia mihogo. Akachanjwa chale, akafungwa kamba mguuni, akakaa hivyo siku mbili. Alipofikishwa hospitali mguu ulikuwa umeshaoza. Kwa hiyo sikuja hapa kuwaambia nyoka ni rafiki. Nimekuja kuwaomba tumjue nani ni nani, kwa sababu tunawaua wasio na sumu, na katika kuwaua tunajisogeza kwa wenye sumu.

Huyu wangu ni nyoka wa nyumbani. Rangi yake ni kahawia, wengine wakielekea wekundu, wengine weusi. Ngozi ni laini na inang'aa ukimmulika, tumbo jeupe. Alama yake kubwa iko kichwani: kila upande ana mistari miwili hafifu, mmoja unapita juu ya jicho, mwingine chini yake. Wengi hawafiki mita 1, na majike ni wakubwa kuliko madume. Sumu hana. Ukimshika atakuuma, ana meno madogo makali, lakini ni mikwaruzo ya kuosha kwa maji na sabuni. Mchana hulala, usiku ndio kazi yake.

Sasa kuna kanuni moja inazunguka mitaani nami inaniumiza sana, kwa sababu nimesikia hata walimu wakiisema: eti tazama mboni ya jicho, ikiwa wima kama ya paka ana sumu, ikiwa ya mviringo hana. Nyoka wa nyumbani ana mboni wima na hana sumu. Koboko ana mboni ya mviringo, na mnamjua koboko. Ukiifuata kanuni hiyo utamkimbia asiye na neno na kumsogelea anayeua. Wanaosema mwenye kichwa cha pembetatu ndiye ana sumu, nao hivyohivyo. Yuko nyoka anayekula mayai ya ndege tu, hana sumu, meno yake ni kama hayapo. Akitishwa hujipanua kichwa, akasugua magamba yake mpaka yakatoa mlio kama wa kifutu. Ni kuigiza kutupu, na kunamponza kwetu.

Wa kijani ndio wagumu zaidi. Minazi na miembe yetu ina nyoka wembamba wa kijani wanaokula vyura na mijusi, hawana madhara. Lakini pwani hii hii anaishi ndugu yake koboko, naye ni wa kijani, naye hukaa mtini. Kuwatofautisha kwa mbali kunahitaji jicho lililozoea. Kwa hiyo wa kijani yeyote mwacheni apite, msimguse.

Tuje kwa panya. Panya shamba jike mmoja anaweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa mara moja. Kina mama mnajua wanavyofanya kwenye gunia la mahindi. Na wenye umri wangu mnakumbuka Lushoto, mkoa wetu huuhuu: tauni iliingia mwaka 1980 na ikarudi tena na tena kwa miaka mingi, ikibebwa na viroboto wa panya. Sisemi nyoka mmoja angeizuia. Nasema kila usiku yupo mtu anayefanya kazi shambani kwangu, halipwi, haombi chakula, tena anaingia kwenye shimo la panya ambamo paka hawezi kupita.

Na swila, yule nyoka wa sumu anayetema, naye anafuata panya hao hao. Ukimwaga mabaki ya chakula nyuma ya nyumba, umemwalika panya, na panya akamwalika swila. Fagieni, hifadhini nafaka kwenye chombo chenye mfuniko. Makumbi na kuni viwekwe mbali na mlango, msitie mkono msipopaona. Usiku tochi na viatu. Mafuta ya taa yanaharibu udongo tu.

Mtu akiumwa na nyoka asiyemjua, msimchanje, msinyonye, msifunge kamba. Mtulizeni, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali haraka. Swila akikutemea machoni, osha kwa maji mengi muda mrefu, kisha nenda hospitali. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 81,000 mpaka 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Wengi ni wakulima kama sisi.

Wale vijana watatu niliwapa chai. Tukakaa mpaka jua likawa kali, nikiwachorea kile kichwa chenye mistari kwa kijiti mchangani. Mmoja wao ndiye siku hizi huniita akimwona nyoka kwake, na panga huliacha ndani.

Haya, mfuko. Hili ni gamba lake, alilivua juzi usiku, nimelikuta limenasa kwenye makumbi. Linaonekana refu kuliko yeye, kwa sababu hunyooka likivuliwa. Tazameni hapa kichwani: nyoka hana kope, ana kifuniko cha ngozi angavu juu ya jicho, nacho hutoka pamoja na gamba. Mzee wangu wa mbele, anza wewe. Lishike taratibu, halina uzito, kisha umpe mwenzio.