Kimoja Kwanza, Tisa Baadaye

Habari za jioni, na asanteni kwa kuja. Kifaa chenyewe nimekuja nacho, kinazunguka hapo mbele, kiangalieni huku nikiongea. Ni kiboksi, feni ndogo ya volti 12, na nyaya mbili zenye ncha za chuma. Ncha moja inakaa ndani ya jiko, nyingine inachomekwa kwenye nyama. Kazi yake ni kulishikilia jiko la mkaa kwenye nyuzi 110 hivi usiku kucha, mwenye nyama akiwa amelala.

Moto wa mkaa unatawaliwa na hewa. Jiko likizibwa vizuri, moto unakula kile tu ambacho feni inaupelekea. Programu inapima joto na kujiuliza: sasa hivi nimepungukiwa kiasi gani, nimepungukiwa kwa muda gani, na joto linakwenda kwa kasi gani? Hesabu hiyo haikuanzia jikoni. Mhandisi Nicolas Minorsky aliichambua mwaka 1922 akishughulika na usukani wa meli. Lakini meli unaipinda kushoto na kulia, na hiki chetu kinajua kuchochea tu, kuzima hakijui. Ukifunua kifuniko, joto linaporomoka, kifaa kinadhani moto umekufa, kinapuliza kwa nguvu zote. Unafunika, unakuta jiko limepaa. Kwa hiyo programu nzuri ikiona joto limeshuka ghafla, inainyamazisha feni kwa dakika kadhaa.

Hayo yanatosha. Nilichojia leo ni habari ya kuunganisha vifaa kumi kwa mkono.

Nilijipanga kama kiwanda. Kila kifaa kina bodi yake, kibao cha umeme kinachokaa ndani ya kiboksi. Rezista, vile vipande vidogo vya kuzuia umeme, za bodi zote kumi kwanza, halafu soketi, halafu kapasita, transista mwisho. Mpangilio huo hauna ubaya: vitu vifupi vinatangulia ili ukiipindua bodi visidondoke. Na mkono unakolea, jamani. Kufikia bodi ya nne lehemu inatambaa yenyewe kuzunguka mguu wa rezista, inakaa kama kichuguu kidogo kinachong'aa. Nikawa napiga mluzi.

Jioni ya pili nikawasha ya kwanza. Ikasoma nyuzi 88. Chumba kilikuwa na nyuzi 25, nami nimekaa kwenye kiti, siungui. Nikawasha ya pili: 88. Ya tatu sikuiwasha, nilishika kichwa.

Kosa lilikuwa kwenye rangi. Kila rezista ina mistari ya rangi inayotaja inazuia umeme kiasi gani, kwa ohmu. Rezista yenye kahawia, nyeusi, nyeusi, nyekundu ni ohmu elfu kumi. Yenye kahawia, nyeusi, nyeusi, machungwa ni ohmu laki moja. Chini ya taa ya njano, nyekundu na machungwa ni mapacha. Sasa, ndani ya ile ncha ya chuma mna thamista, rezista ya kupimia joto, ambayo kwa nyuzi 25 ina ohmu laki moja, na kadiri inavyopata joto ohmu zinapungua. Programu inailinganisha na rezista ya elfu kumi iliyo ubavuni mwake. Mimi nilikuwa nimeweka ya laki moja. Zikalingana, programu ikahitimisha kwamba thamista nayo imeshuka hadi elfu kumi, yaani nyuzi 88. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa!

Rezista mbili kila bodi, bodi kumi, miguu 40 ya kufyonzwa lehemu. Kuitoa rezista ni kazi ngumu kuliko kuiweka, na ukizidisha moto vile viduara vya shaba vinabanduka kwenye bodi.

Tangu siku hiyo naunganisha kimoja mpaka mwisho, nakitia kwenye jiko lenye moto, napika nacho. Kikishaivisha kitu ndipo nazigusa bodi tisa zilizobaki. Na rezista napima kwa mita, sisomi rangi tena.

Kuna jingine dogo lakini kaidi: ule utomvu wa lehemu unaobaki kwenye bodi. Usipousugua kwa spiriti, unanyonya unyevu na kupitisha umeme kidogo pembeni ya thamista. Ukiijaribu ncha kwenye maji yanayochemka hutaona kitu, kwa sababu thamista hapo ina ohmu elfu saba tu na uvujaji huo unamezwa. Itumbukize kwenye maji yenye barafu. Hapo thamista ina zaidi ya ohmu laki tatu, na uvujaji mdogo tu unaipandisha nyuzi mbili tatu juu ya sifuri. Utaniuliza, jiko linakaa 110, barafu ya nini? Kifaa hiki kinalala nje kwenye umande, na uchafu uliovuja kidogo leo utavuja zaidi kesho. Barafu inanionyesha bodi chafu kabla haijatoka mezani. (Kwenye maji yanayochemka angalieni mwinuko: kila mita 300 kutoka baharini zinapunguza karibu nyuzi moja. Msikilaumu kifaa.)

Hicho ulichoshika, dada, ni namba saba. Kigeuze. Unaona rezista iliyokaa upande, na ule waya mwekundu unaoruka pale shaba ilipobanduka? Siwezi kumuuzia mtu. Ndicho ninachopikia nyumbani. Haya, mkono ule wa nyuma, uliza.