Kibali Kilichotangulia Hesabu: Kasuku wa Kusini mwa Ziwa

Shikamooni wazee wangu. Ndugu, dada na vijana wa Mwanza, habari za jioni.

Nimekulia upande wa Misungwi, na kabla sijajua kama kuna sheria ya wanyamapori nilikuwa najua ulimbo. Tulikinga utomvu wa mkuyu, tukauchemsha mpaka unate, tukaupaka kwenye vijiti na kuvipachika juu ya mti ulio karibu na maji. Ndege akitua, mguu haubanduki tena. Siku moja akanasa kasuku mdogo: mgongo wa kijani, uso wa rangi ya chungwa, mdomo mwekundu, na jicho lililozungushiwa duara jeupe. Alining'ata kidole hadi damu ikatoka. Nilimfungia kwenye tundu la matete, nikampa mtama na maji. Asubuhi ya tatu nilimkuta amelala chali. Nilikuwa na miaka tisa, na ndege yule ndiye aliyenileta hapa mbele yenu leo.

Wataalamu wanamwita Agapornis fischeri, kwa heshima ya msafiri Mjerumani Gustav Fischer. Lakini kwao ni hapa. Makao yake ya asili ni kusini na kusini mashariki mwa Ziwa Victoria, hadi nyika za Serengeti. Ukienda Naivasha, Kenya, utawakuta wanaofanana naye; hao ni uzao wa ndege waliotoka matunduni, na wamechanganyika na jamaa yao mwenye ukosi wa njano, ambaye naye asili yake ni Tanzania. Kwa hiyo tukimpoteza sisi, tusitegemee nchi nyingine itutunzie mbegu yake halisi porini.

Sasa sikilizeni yaliyompata. Tanzania ilijiunga mwishoni mwa miaka ya 1970 na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ule uitwao CITES, na mwaka 1981 karibu kasuku wote wakaingizwa kwenye orodha zake. Maana yake ni kwamba nchi inayouza lazima ijiridhishe kuwa biashara haitamdhuru kiumbe huyo porini. Karatasi zilikuwepo. Hata hivyo, ilipofika 1987 kasuku wetu huyu mdogo ndiye aliyekuwa akiuzwa kwa wingi kuliko kasuku yeyote wa porini duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 usafirishaji wake ukasimamishwa, kwa sababu makundi yalikuwa yamepungua waziwazi. Makadirio yaliyotolewa baada ya hapo yanasema waliobaki ni kati ya 290,000 na 1,000,000.

Naomba mlitazame pengo hilo. Mfugaji akikwambia ana ng'ombe kati ya 29 na 100, utakubali auze wangapi? Huwezi kumjibu mpaka aende zizini akahesabu. Sisi tuligawa mgawo, yaani idadi ya ndege wanaoruhusiwa kukamatwa, bila kuingia zizini, na hilo ndilo jambo langu jioni hii: kibali cha kukamata mnyama hai kisitolewe kabla ya hesabu.

Na hesabu yenyewe haiishii kwa wanaosafirishwa nje. Anayekamata kwa wavu au ulimbo hupoteza wengine palepale mtegoni. Wengine hufa kwenye tundu la dalali, wengine njiani. Mgawo unahesabu wanaosafirishwa. Yule wangu wa asubuhi ya tatu hangeandikwa popote, wala maelfu waliokufa kama yeye.

Sheria tuliyo nayo, ninavyoiona, haina upungufu mkubwa wa maneno. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya 1974, inasema wanyamapori ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini kwa niaba yetu. Kukamata kunataka kibali. Mitego ya waya, mashimo na sumu imekatazwa, na nakubaliana nayo kwa moyo wote, maana waya hauchagui: umetegewa nyumbu, unamkaba simba au twiga, na aliyeutega anaweza asirudi kabisa kuuangalia.

Shida imekuwa kwenye usimamizi, ambao umekwenda kwa kushtuka. Novemba 2010 wanyama hai zaidi ya 100, wakiwemo twiga, walipandishwa ndege uwanja wa Kilimanjaro wakapelekwa Qatar. Mwaka 2016 Serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Juni 2022 likatoka tangazo la kufungua kwa miezi sita, ili wafanyabiashara wamalize wanyama waliobaki nao, na ndani ya siku chache likasitishwa. Nawahurumia wafanyabiashara waliokuwa na leseni halali na vinywa vya kulisha. Nawahurumia zaidi wanyama waliobaki vizimbani. Mahali ambapo hakuna hesabu, uamuzi wa kufunga na uamuzi wa kufungua yote ni kubahatisha.

Hesabu inawezekana. Hapa hapa mjini tunacho chuo cha Pasiansi kinachofundisha askari wa wanyamapori tangu miaka ya 1960. Tuna kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa ndani ya jiji. Vijana wa kuhesabu kasuku kwenye michongoma na mashimo ya miti, msimu kwa msimu, hawatoki mbali.

Kabla hatujaanza, mama mmoja wa Magu alinishika mkono pale mlangoni akaniuliza: "Mwanangu, hao kasuku wako wanamaliza mtama wangu. Nikiwategea, nafungwa?" Mama, upo? Ahsante. Ukiwatega bila kibali unavunja sheria, siwezi kukuficha. Kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi za mwaka 2011, yaani za kumpoza aliyeharibiwa mazao, aliyejeruhiwa au aliyefiwa, ziliandikwa kwa ajili ya wanyama wakali, kama tembo, kiboko na mamba. Hazikulengwa kwa kasuku mla mtama. Hapo una haki ya kulalamika, na mimi nalalamika pamoja nawe. Kwa sasa linda shamba lako kwa kelele na vitambaa, vuna mapema inapowezekana, na upeleke habari kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Mwambie ni wangapi umewaona, siku gani, kwenye shamba lipi. Mwombe aandike.